Herufi 茶: mstari uliopunguzwa na “i” inayotuponza

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kichina hufurahi akifika kwenye herufi 茶. Inasomwa chá, maana yake ni chai, basi anajiona kama amekutana na ndugu ugenini. Sisi tunaofundisha huiogopa kidogo furaha hiyo. Neno ambalo mtu anadhani analo tayari, halisikilizi tena: hulitamka kwa lafudhi ya kwao, huliandika harakaharaka, na kulitafsiri jinsi lilivyo. Herufi yenye mistari ishirini huheshimiwa na kufanyiwa mazoezi. Hii yenye mistari tisa hudharauliwa, nayo haikawii kulipiza.

Tuanze na mdomo. Neno letu lina irabu mbili, a na i. La Kichina sanifu lina a peke yake. Ukiiachia ile i mwishoni, umeingia kwenye maneno mengine kabisa. Chái (柴) ni kuni. Chāi (拆) ni kubomoa, na ndiyo herufi inayopakwa rangi ukutani, ndani ya duara, kwenye nyumba za mijini China zinazosubiri kuvunjwa. Anayesema “wǒ hē chái” amesema anakunywa kuni. Mhudumu atamwelewa, kwa sababu hakuna anayeagiza kuni mgahawani, na kosa litabaki hapohapo miaka na miaka kwa kuwa halikumgharimu chochote. Dawa tunayoipendelea ni msemo wa vitu saba ambavyo nyumba haikai bila hivyo: 柴米油盐酱醋茶, chái mǐ yóu yán jiàng cù chá, yaani kuni, mchele, mafuta, chumvi, sosi ya soya, siki na chai. Unaanza na chái na kumalizika na chá. Jirekodi kwenye simu, kisha sikiliza neno la kwanza na la mwisho. Yakifanana, rudia.

Ch yenyewe ina mambo mawili. Ch ya Kiswahili hutumia bapa la ulimi likigusa karibu na ufizi. Ya Kichina sanifu huinua ncha ya ulimi na kuirudisha nyuma kidogo, nyuma ya ufizi wa juu, penye kaakaa gumu. La pili ni mpumuo, na hili ndilo zito zaidi. Shika kipande cha karatasi laini sentimita tano hivi mbele ya midomo, useme chá. Karatasi isipopepea, umesema zhá (炸), ambayo ni kukaanga kwenye mafuta mengi. Watu wa Mombasa na Lamu wana faida hapa. Anayetofautisha kwa pumzi tu kaa la moto na kaa wa baharini, au paa la nyumba na paa wa porini, tayari anajua mpumuo ni nini. Kazi yake ni kuuhamishia kwenye ch. Aliyekulia mahali ambapo maneno hayo hutamkwa sawasawa atahitaji karatasi kwa wiki kadhaa.

Halafu kuna toni. Chá ni toni ya pili: sauti inaanzia katikati na kupanda hadi juu. Kwenye ngazi ya 1 hadi 5 aliyoibuni mwanaisimu Yuen Ren Chao mwaka 1930, huandikwa 35, yaani kutoka 3 hadi 5. Ni ile sauti ya mtu aliyeitwa kutoka mbali, hakusikia vizuri, akajibu “Eeh?” Wengi huipata vizuri wakilisema neno peke yake. Tatizo huja likikaa mwishoni mwa neno refu au mwishoni mwa sentensi, kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuiacha ya mwisho ianguke. Hóngchá (红茶, chai nyekundu), ambayo silabi zake zote mbili zinapanda, hutoka midomoni mwetu kama hóngchà: ya kwanza juu, ya pili chini. Na chà (差) ni pungufu au mbaya. Kwa hiyo usijizoeze na chá pekee. Jizoeze na “Wǒ hē chá” kama kauli, si swali, hadi sauti ikubali kupanda mahali ambapo masikio yako yanaona ungepaswa kunyamaza.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba anayekwenda Guangzhou atakutana na sura nyingine tena. Mezani kule Kikantoni, lugha ya wenyeji, bado kina nguvu, na kwa Kikantoni herufi hiyohiyo husomwa cha kwa sauti ya chini inayoshuka, kinyume kabisa cha Beijing. Ukitumia chá ya kupanda utaeleweka, ila usishangae masikio yako yakiikataa ya wenyeji. Na mwenzako akikumiminia, gonga meza polepole kwa vidole viwili: ndiyo asante yao, na haikatizi mazungumzo. Birika likiisha, pindua kifuniko kidogo na kukiegemeza mdomoni mwa birika. Mhudumu akikiona ataleta maji.

Kwa nini basi nusu ya dunia inasema cha au chai, na nusu nyingine inasema te? Watu hudhani ni maneno mawili. Ni moja. Kamusi ya vina iitwayo Guangyun, ya mwaka 1008, inaonyesha matamshi ya herufi hii kwa herufi mbili, 宅加: chukua konsonanti ya ile ya kwanza na kina cha ile ya pili. Konsonanti hiyo zamani ilikuwa kipasuo, sauti ya ukoo wa t na d, ulimi ukiwa umerudi nyuma. Sehemu kubwa ya China iliigeuza ikawa ch. Lahaja za Min, za mkoa wa Fujian, zilibaki na t, ndiyo maana mjini Xiamen wanasema tê. Mswahili hana haja ya kuhadithiwa hili kwa muda mrefu. Unguja husema macho, kucheka, kichwa. Mombasa husema mato, kuteka, kitwa. Hakuna anayedhani mato na macho ni viungo viwili.

Waholanzi walinunua majani kwa watu wanaosema tê, wakaisambaza Ulaya Magharibi: Kiingereza na Kifaransa vimetokana na hapo. Wareno walikuwa Macau, penye Kikantoni, kwa hiyo mpaka leo wanasema chá. Njia ya nchi kavu ilipeleka cha hadi Uajemi, na huko ikapata i na kuwa chāy. Sura hiyo ndiyo iliyomo katika Kihindi, Kituruki na Kirusi, na ndiyo tuliyonayo sisi. Kiarabu fasaha hakina ch, kikafanya shāy. Kigujarati, lugha ya wenye maduka wengi wa zamani wa Unguja na Mombasa, husema chā bila i. Kwa hiyo kati ya dukawalla na mteja wake, aliyekaribia Kichina zaidi ni dukawalla.

Asili ya maandishi ni hadithi nyingine, na hapa ndipo uzushi ulipojaa. 茶 haikubuniwa kuwa chai. Ni herufi ya zamani zaidi, 荼, iliyopunguzwa mstari mmoja. 荼 husomwa tú. Juu ina kichwa cha majani (艹), kinachosema kwamba jambo linahusu mimea; chini ina 余, yú, iliyowekwa kwa ajili ya sauti tu, kama ilivyo katika 途 (tú, njia) na 涂 (tú, kupaka). Maana yake ya kale ni mboga chungu ya mwituni. Mtu wa pwani angeifananisha na mchunga. Katika Shijing, mkusanyo wa mashairi wa kabla ya Konfusio, kuna mwanamke aliyeachwa anayeuliza nani amesema 荼 ni chungu, kwake ni tamu: uchungu wa moyo wake umeizidi mboga. Shairi jingine humo linatumia 荼 kwa maua meupe ya nyasi. Baadaye majani machungu ya mti wa chai yaliingia chini ya mwavuli huohuo. Mwaka 59 kabla ya Kristo, Wang Bao wa Sichuan aliandika mkataba wa mtumwa wenye orodha ndefu ya kazi, mojawapo ikiwa ni kwenda Wuyang kununua 荼. Mboga ya porini haifungiwi safari kwenda sokoni, kwa hiyo wasomaji wengi huona hapo ni chai.

Herufi moja ikabeba mzigo wa mboga, maua ya nyasi na kinywaji kwa karne nyingi. Chai ilipokuwa biashara kubwa chini ya utawala wa Tang, mzigo ukazidi. Lu Yu (733–804), aliyeandika katika karne ya 8 kitabu cha kwanza kinachohusu chai pekee, Chajing, anasema wazi kwamba herufi yake iliandikwa kwa namna tatu: wengine waliweka sehemu ya majani, wengine sehemu ya mti, wengine zote mbili. Anataja pia majina matano: 茶, 槚, 蔎, 茗 na 荈. Kati ya yale manne mengine, 茗 (míng) ndiyo bado iko hai, hasa kwenye majina ya maduka ya chai.

Mstari uliondoka lini hasa? Aliyelipatia jibu zuri ni msomi Gu Yanwu (1613–1682), kwa njia ya kupendeza: alikwenda kuangalia mawe. Penye Mlima Tai aliona maandishi ya mwaka 779 na 798 yakiandika 荼 mahali pa chai. Kisha akayatazama mawe ya mwaka 841, la mwandiko wa Liu Gongquan, na 855, la mwandiko wa Pei Xiu, akakuta mstari umepungua. Akahitimisha kwamba badiliko ni la kuanzia katikati ya Tang. Ushahidi wake una kasoro ndogo: kwenye jiwe la 855 neno lenyewe ni 茶毗, neno la Kibudha la kuchoma maiti, lililochukuliwa kwa sauti kutoka India. Kwa hiyo jiwe hilo linathibitisha umbo, halithibitishi kinywaji. Hata hivyo linatosha kuonyesha kwamba nakala za Chajing zinazochapwa leo, zenye 茶 kila ukurasa, zinamvisha Lu Yu nguo ya baadaye.

Sasa ile hadithi ya mitandaoni: 艹 ni majani, 人 ni mtu, 木 ni mti, hivyo chai ni “mtu aliye kati ya majani na miti”. Inauzwa kwenye vikombe na fulana. Kama kamba ya kukumbukia, ni nzuri sana, tena tunaifundisha, kwa sababu inampa mwanafunzi sehemu tatu kwa mpangilio sahihi kutoka juu kwenda chini. Kama historia, si kweli. Yule “mtu” ni paa la 余, na ule “mti” ni masalio ya 余 baada ya kukatwa mstari. Mwenye kujua hilo anapata faida moja ya vitendo: anaelewa kwa nini sehemu ya chini ya 茶 haimsaidii kukisia sauti, ilhali herufi nyingi za Kichina humpa kidokezo. Kidokezo kilikuwapo, kikavunjwa.

Mchezo mwingine wa aina hiyo ni wa kuhesabu. Kichwa cha majani ni 十 mbili, yaani 20. Paa ni kama 八, mti ni 十 na 八, zikisomwa pamoja 八十八, 88. Jumla 108. Ndiyo maana Japani na China miaka 108 huitwa umri wa chai, na 88 umri wa mchele, kwa kuwa 米 nayo ni 八十八. Mwanafalsafa Feng Youlan, aliyezaliwa 1895, alimwandikia mwaka 1983 rika lake Jin Yuelin kwamba wasiishie kwenye mchele, wakutane kwenye chai.

Kuandika kwa mkono. Tumia daftari la miraba ya sentimita mbili yenye msalaba katikati. Ukianza na miraba midogo utaficha makosa. Mistari ni tisa: mlalo, wima, wima, na kichwa cha majani kimekwisha. Kisha mshazari wa kushoto na mshazari wa kulia, ndilo paa. Kisha mlalo mfupi, wima, mshazari mfupi wa kushoto, na nukta ya kulia. Kilele cha paa kikae juu ya mstari wa katikati, na mabawa yake yapite upana wa kila kitu kingine. Kichwa cha majani kisiwe kipana kuliko paa, na mlalo wa chini usitoke nje ya paa. Wanafunzi karibu wote huanza na paa jembamba, herufi ikarefuka kama mnara na “mti” ukatokeza kando.

Kosa la pili kwa wingi ni mstari wa mwisho. 木 ikiwa peke yake hufunga kwa mshazari mrefu wa kulia. Ndani ya 茶 hufupishwa kuwa nukta, kwa sababu paa limekwisha kuchukua mshazari mrefu, na waandishi wa Kichina hawapendi miwili katika herufi moja. Ukiirefusha yote miwili hakuna atakayeshindwa kusoma, lakini itaonekana imepanua miguu.

La tatu ni lile la historia: kuongeza mlalo mmoja chini ya paa. Hapo umerudi kwenye 荼. Wachina wenyewe hukosea kwa upande wa pili: 如火如荼, msemo wa jambo lililopamba moto, wenye yale maua meupe ya kale ndani yake, huandikwa kwa 茶 kila siku, na 荼毒, kutesa, vivyo hivyo. Kwenye kompyuta unaweza kuhakiki kwa namba ya herufi: 茶 ni U+8336, 荼 ni U+837C. Usichanganyikiwe pia ukikuta kitabu cha Taiwan kikihesabu mistari kumi. Kule kichwa cha majani huandikwa kama misalaba miwili iliyotengana, mistari minne badala ya mitatu. Katika kamusi za jadi zenye sehemu-kiongozi 214, yaani sehemu za herufi zinazotumika kuipanga kamusi, itafute chini ya namba 140, kisha hesabu mistari sita ya ziada.

Kwenye menyu, adui mkubwa si 荼 bali 菜 (cài), mboga au kitoweo. Nayo ina majani juu na mti chini. Tofauti iko katikati, penye kucha (爫) badala ya paa. 菜单 ni menyu yote. Anayeisoma kuwa orodha ya chai hugeuza kurasa nyingi akitafuta birika. Tazama katikati kwanza: paa au kucha?

Kwenye simu, usiandike “cha” peke yake. Zitatokea 查, 差, 茶 na nyingine kibao, na kidole kitachagua isiyo yake. Andika neno zima: hecha kwa 喝茶, chabei kwa 茶杯, kikombe. Kwa 绿茶, chai ya kijani, andika lvcha: ile ü ya lǜ hukaa kwenye kitufe cha v. Anayeandika lucha huwa anaishia kuilaumu simu.

Sasa maana, na hapa pesa inaweza kupotea. Chai tunayoinywa Kenya na Tanzania huuzwa duniani kwa Kiingereza kama chai nyeusi, kwa kutazama rangi ya jani kavu. Wachina hutazama maji: kwao hiyohiyo ni 红茶, hóngchá, chai nyekundu. Ukifikiri vizuri, pwani tulikuwa upande wa Wachina tangu zamani. Chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, imepewa jina la mti wa kwenye mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Anayetafsiri “nyeusi” neno kwa neno hupata 黑茶, hēichá, nayo ipo, ila ni kitu kingine: chai iliyovundikwa, kama matofali ya Anhua katika mkoa wa Hunan, au Pu'er iliyoiva, ambayo kwa kawaida hushindiliwa kuwa visahani vya gramu 357. Harufu yake ni ya ardhi na mbao za kale. Mwenye kuuza majani ya Kericho au Mufindi kwa mnunuzi wa China aandike 红茶 kwenye lebo, si 黑茶.

Vivyo hivyo 凉茶, liángchá, ukiisoma herufi kwa herufi ni chai baridi. Katika Guangdong, mkoa wa Guangzhou, ni dawa ya mitishamba, mara nyingi chungu, huweza kuletwa ya moto, na kwa kawaida haina jani la chai hata moja. Herufi imetanuka kama neno letu lilivyotanuka hadi kwenye mchaichai, ambao nao ni nyasi tu. Rangi ya kahawia sisi tumeipa jina la kahawa. Wajapani wameipa la chai, 茶色, chairo. Na 绿茶 ikisemwa juu ya mtu si sifa: kwenye mitandao ya China ni tusi kwa mwanamke anayejifanya hana hatia. Usilitumie kwa mzaha.

Kwetu kunywa chai ni kupata kifungua kinywa, mihogo na maandazi yamo. Guangzhou wana jambo lililo karibu, 早茶, zǎochá, chai ya asubuhi inayokuja na visahani vya vyakula vya mvuke. Beijing hapana, ukialikwa 喝茶 huko, tarajia chai na mazungumzo, ushibe kabla hujatoka. Na mtu akisema kwa sauti ya chini kwamba fulani “ameitwa kunywa chai”, 被喝茶, maana yake ameitwa na polisi au maofisa kuhojiwa.

Chai ya kupitishwa chini ya meza nayo wanayo. Huitwa 茶水费, cháshuǐfèi, fedha za maji ya chai. Neno hilo husikika sana kwenye ununuzi wa nyumba: ni kiasi kinachodaiwa juu ya bei, bila risiti, ili jina lako litangulie kwenye foleni.